Kitabu Kilichokataa Kulala Wazi

Kwetu kisiwani Savai'i, mwanamke asiyejua kusuka mkeka hutaniwa mpaka azeeke. Mimi naitwa Lagi. Nina miaka arobaini na miwili, na bado nataniwa. Kila Jumanne wanawake wa kijiji hukaa chini katika nyumba ya kamati yao wakisuka. Mimi huwachemshia kakao.

"Lagi, mikono yako ni ya kukorogea tu," huniambia, na wote hucheka.

Mama yangu, Faapaia, ndiye fundi wao. Mkeka wake ni mwembamba, laini kama kitambaa. Hakuna harusi wala msiba wa maana bila mkeka wake. Lakini macho ya Mama yalikuwa yanazimika. La kushoto lilikwisha kabisa. La kulia, daktari alisema, huenda lisifike Krismasi.

Basi Mama alichora. Kwa miaka mitatu alichora kwenye daftari kila hatua ya kusuka, tangu kona ya kuanzia. Kila mchoro ulianza ukurasa wa kushoto, ukavuka katikati, ukaishia ukurasa wa kulia. Pale katikati ndipo chane za mkadi, yale majani membamba tunayosukia, hupishana. Pale ndipo penye kazi yenyewe.

"Nataka kukiona kitabu hiki kwa jicho langu," Mama alisema. "Mstari mmoja ukikosewa, nani atausahihisha nikishakuwa kipofu? Wewe?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Iliniuma.

Kaka yangu Ielemia ndiye mkuu wa ukoo wetu. Yeye aliamua kazi apewe binamu yetu Lafaele, mwenye mashine ya kuchapa kule mjini Apia, kisiwa cha pili. Tulimpelekea daftari, nguruwe wa kuoka, na mkeka mmoja wa Mama. Hatukumuuliza lolote. Kwetu, ukishampa ndugu mkeka, humuulizi maswali. Ni kama kumpekua mifuko. Hata nakala ya daftari hatukutoa. Wajinga sisi!

Jumatatu moja mwezi wa Septemba Lafaele akanipigia simu.

"Dada, kesho saa nne naanza kuchapa. Vyote mia mbili kwa mpigo!"

"Asante sana, kaka," nikasema. Nilitaka kuruka kwa furaha.

Jirani yangu Iutita alikuwa jikoni kwangu, anakunywa chai. Iutita alishona vitabu miaka thelathini katika kiwanda cha uchapaji cha kanisa. Alikuwa amesikia kila neno, maana masikio yake hayana likizo.

"Sampuli mmeiona?" akauliza.

"Sampuli ya nini?"

"Lo! Ya kitabu, Lagi! Kimoja, kamili, kabla ya vingine. Karatasi yake ikoje?"

"Sijui."

"Kinafungwa kwa gundi au kwa uzi?"

"Sijui, Iutita."

"Na wachapaji wengine wamesemaje?"

"Wengine gani? Lafaele ni ndugu yetu."

Iutita akaweka kikombe chini. "Wewe ukinunua samaki humfunui hata mashavu? Vitabu mia mbili mnanunua mmefumba macho! Kikishachapwa kimechapwa. Mama yako hana jicho la kusubiri kingine."

Nikakimbilia kwa Ielemia. Alikuwa anapalilia mihogo yake. Aliponisikia, uso ulimbadilika.

"Umuombe ndugu sampuli? Unataka watu waseme hatumwamini? Utatuaibisha, Lagi. Nakukataza."

"Na kitabu kikiharibika?"

"Nimesema!"

Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Alikwisha kusikia, kijiji chetu ni kidogo.

"Kesho tunapanda meli ya kwanza," alisema. "Mwambie Iutita. Na yule mkuu wa ukoo, mwambie nilimzaa mimi."

Alfajiri tulivuka wanne. Ielemia alikuja pia, amenuna mdomo mrefu. Meli ilichelewa kutia nanga. Barabara ya Apia ilikuwa na magari mengi, na mimi niliangalia saa kila dakika. Saa nne kasoro dakika tano tukaingia dukani kwa Lafaele. Mashine ilikuwa imewashwa. Karatasi zilikuwa zimepangwa tayari.

"Karibuni! Karibu, shangazi!" Lafaele akasema. "Mmekuja kuzindua?"

Ielemia alikuwa anaangalia sakafu.

"Kaka," nikasema, "tunaomba kimoja kwanza. Kimoja tu, tukione."

Tabasamu likamtoka. "Mnanipima? Mimi?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kisha Mama akaketi sakafuni, papo hapo dukani, kama yuko nyumba ya kamati. Akatoa chane zake kwenye kikapu.

"Nichapie kimoja, mwanangu," alisema. "Mimi ni mzee. Nina hamu."

Kwa hilo Lafaele hakuweza kukataa. Alichapa kimoja, akakipaka gundi mgongoni, akakikata kingo. Ilichukua muda mrefu. Kilipokwisha kilikuwa kizuri, jalada linang'aa. Ielemia akanitazama kwa jicho la "umeona sasa?"

Mama akakifungua, akakilaza sakafuni mbele yake. Akashika chane kwa mikono miwili. Kitabu kikajifunga, pa!

Akakifungua tena. Pa!

Akakikandamiza kwa goti. Mgongo ukalia, na kurasa tatu zikachomoka, zikaanguka miguuni pa Lafaele. Mama akainama mpaka pua ikagusa karatasi, akatafuta kwa jicho lake moja.

"Mchoro wangu umemezwa," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Pale chane zinapopishana hapaonekani."

"Ni gundi," Iutita akaeleza. "Kitabu cha gundi hakifunguki mpaka ndani. Cha hadithi, sawa, unakishika mkononi. Lakini msukaji hana mkono wa kushikia. Na joto hili letu, na unyevu huu, gundi ya bei rahisi haikai."

Lafaele aliokota zile kurasa moja moja. Nilidhani atatufukuza.

"Shangazi," alisema mwishowe, "mimi nachapa fomu za maduka na ratiba za mazishi. Kushona vitabu sijui. Mngeniuliza mapema, ningewaambia. Nami nilipaswa kuwauliza." Akazima mashine. Kisha akachukua daftari la Mama, ambalo lilikuwa limewekewa kikombe cha kahawa juu yake, Mungu wangu, akalitolea nakala mbili hapo hapo. "Moja wekeni nyumbani. Msimpe mtu tena daftari lenyewe."

Ielemia akasafisha koo. "Asante, ndugu yangu," akasema. Hiyo kwake ni hotuba ndefu.

Iutita akatuandikia karatasi moja: kitabu kina kurasa ngapi, ukubwa gani, michoro iko wapi, tunataka nakala ngapi na lini. "Kila mchapaji mpeni karatasi hii hii," alisema, "ili majibu yao yalingane."

Mchapaji wa kwanza tuliyemwendea mjini alituonyesha kitabu kilichofungwa kwa waya. Kililala wazi vizuri, nikafurahi. Mama akapitisha chane juu yake. Waya ukainasa, ukaichana.

"Na kwa chumvi ya kwetu utaota kutu," Iutita akasema. "Twendeni."

Wa pili alikuwa mzee mmoja mfupi, Aukuso, si ndugu wa mtu yeyote kati yetu. Hata hatujakaa vizuri, akauliza, "Kitasomewa wapi?"

"Sakafuni," nikajibu, "na mikono yote miwili ina kazi."

"Basi tutakunja karatasi pamoja na kuzishona kwa uzi hapa katikati. Kurasa ni nyingi, zitavimba. Afadhali tukigawe viwe vitabu viwili vyembamba."

Bei yake kwa kila kitabu ilikuwa kubwa kuliko ya wengine. Tukaamua kuanza na hamsini badala ya mia mbili. Alitupa sampuli bila kuombwa. Mama alikaa nayo wiki nzima mlangoni, penye mwanga. Akaona mistari miwili iliyokosewa. Makosa yalikuwa yake mwenyewe. Akayasahihisha, akatia sahihi kwamba sasa wachape.

Kila asubuhi nilimuuliza, "Mama, unaniona?" Na kila asubuhi alikawia kidogo zaidi kujibu.

Vitabu vilifika katikati ya Novemba. Mama alikiona kitabu chake. Alikifungua cha kwanza, akakilaza sakafuni, akaondoa mkono. Kikalala wazi, na chane zote zikaonekana. Wanawake wa kamati walipiga makofi mpaka mbwa wakakimbia. Wiki tatu baadaye jicho lake likazimika.

Mwezi wa Januari nilijifungia chumbani na kile kitabu cha kwanza. Sikumwambia mtu, maana kutaniwa nimechoka. Nilisuka kona ya kuanzia, nikaifumua. Nikasuka tena, nikafumua tena. Siku ya sita sikuifumua. Nikaenda kumwekea Mama mapajani.

Vidole vyake vikatembea juu yake polepole.

"Iutita ameleta hii?"

"Hapana, Mama."

"Nani kaisuka?"

"Mimi."

Vidole vikasimama. Machozi yakamshuka, na mimi pia nikalia.

"Umekaza mno mstari wa nne," alisema. "Haya, kaa chini. Ukurasa unaofuata unasemaje?"

Nikakaa, nikaichukua ile kona, nikaendelea kusuka. Kitabu kilikuwa wazi sakafuni, kati yangu na yeye. Nikafunua ukurasa kwa kidole cha mguu, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.