Dakika Nne za Wendell Prouty

Adhuhuri mkahawa wa studio ulikuwa umefurika: askari wa Kirumi wakinywa supu, malkia wawili wakigombea chumvi. Idella Kress, gauni la kijani, vidole vikinuka gundi ya filamu, alimgonga padri, kahawa ikamwagikia kanzu.

"Nisamehe, baba!"

"Baba wa nani? Asubuhi nilikuwa hakimu."

Idella akamkazia macho, akaangua kicheko. "Wewe! Kazi yangu kukata na kuunga mikanda. Wiki iliyopita nilikuwa nawe kwenye mkanda, ukifungua mlango."

"Niliufungua vizuri?"

"Mlango ulikushinda kuigiza."

Padri huyo, Wendell Prouty, kipara wa miaka arobaini na mitatu, alishacheza filamu mia moja sitini: watumishi, walevi, mahakimu. Los Angeles nzima iliijua sura yake, jina hakulijua mtu. Haukupita mwezi, akawa anampigia Idella simu kila mapumziko.

"Halo, mkasi wangu."

"Halo, kipara. Leo nani?"

"Mzika maiti."

"Basi usinibusu kabla hujanawa!"

Mwaka huo wa 1938 akapata bahati: dakika nne za filamu, akiwa baba anayemlilia mwanawe kaburini. Mama yake alipanda treni kutoka Ohio kuja kushuhudia. Siku ya onyesho, Wendell alivaa suti mpya na kukaa kati ya mama na Idella. Kaburi likatokea kwenye skrini. Mgongo wake ukaonekana, kofia ikavuliwa, kisha wakaingia farasi.

"Ndiyo hivyo tu, mwanangu?" mama akanong'ona.

Nje, Wendell alimshika Idella mkono. "Nani kakata?"

"Mimi."

"Lini?"

"Siku kumi na moja zilizopita."

"Na kila siku tunacheka kwenye simu!"

"Mama yako alishakata tiketi. Nilishindwa kusema."

Wiki sita Wendell hakupokea simu za Idella. Ya saba akaja mwenyewe chumba cha mikanda, pete mkononi.

"Nimefikiri, mpenzi. Bosi akiamuru, wewe utafanyaje? Yameisha. Kubali nikuoe."

Idella aliitazama pete. Angenyamaza tu, angeolewa.

"Hakuniamuru, Wendell. Aliniuliza. Mimi ndiye niliyesema sehemu yako itolewe."

"Kwa nini?"

"Ulilia vibaya. Baba aliyefiwa hatafuti kamera iko wapi."

Wendell akapepesa macho kama aliyemwagiwa mchanga.

"Nakupenda," Idella akasema. "Ndiyo maana sikudanganyi."

"Basi nimekuja kuposa mtu nisiyemjua." Akairudisha pete mfukoni, akavaa kofia. "Saa nane wananitaka. Mhudumu wa hoteli."

"Wendell, subiri!"

Hakusubiri.

Alicheza filamu tisini zaidi. Nyingi zilipita mezani kwa Idella, naye aliinua ule uso kwenye mwanga, mdogo kama ukucha, mamia kwa mamia, akikata pale tu palipostahili. Wakikutana koridoni, Wendell alimpisha kwa adabu, kama anavyopishwa mgeni.