Saini Isiyo Yake

Walikutana kwenye duka la kutoa kopi, ng'ambo ya mahakama, foleni ikiwa imefika barabarani. Mwanasheria wa asasi ya haki alikuwa na suti nyeusi iliyonyooka pasi, mafaili kifuani, na haraka zake. Mbele yake alisimama kijana wa ovaroli yenye madoa ya grisi, karatasi moja mkononi.

"Kaka, naomba unipishe, jaji ananisubiri."

"Na mimi nasubiriwa na pampu, dada. Tena pampu haina adabu kama jaji."

Mwanasheria akacheka bila kutaka. Lakini kijana aliishika ile karatasi kama mtu aliyepewa majibu mabaya ya hospitali, naye kwa umbea wa kazi yake akamuuliza kulikoni.

"Mimi ni fundi wa mamlaka ya maji. Hati hii inasema nimepokea pampu kumi na mbili mpya. Pampu sijaziona, na saini hii si yangu."

Jaji akasahaulika. Mwaka mzima asasi ilikuwa inatafuta ushahidi wa pampu hizo hewa, zilizolipiwa bila kuletwa, na nusu ya mji inakinga maji ya mvua.

Mapenzi yakaja nyuma ya kazi. Simu za kupanga ushahidi zikaanza kurefuka.

"Umekula, Mheshimiwa?"

"Nimekula mafaili."

"Basi nakuja na chakula. Na vua hiyo suti nyeusi, inanitisha."

"Ndiyo inayonilisha hiyo, laazizi. Izoee tu."

Asasi ikaishtaki mamlaka, na hati ya kiapo ya fundi ikaandaliwa. Ndani yake aliikana ile saini, na kilichobaki ni kwenda kuapa. Wiki hiyohiyo shahidi wa kesi nyingine ya asasi, mhasibu mwenye watoto wanne, akafukuzwa kazi na kutishwa mpaka akahama mji. Mwanasheria alirudi nyumbani roho juu, akaichana hati ya mpenzi wake vipande vipande. Akaandika nyingine, akaapa yeye mwenyewe kwamba ameelezwa hayo na mtu anayemwamini. Mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza angejua kiapo cha kuambiwa hakisimami. Naye alijua, ila hofu ilimshinda akili.

"Mbona hamniiti kuapa?" fundi aliuliza kwenye simu.

"Kila kitu kimekamilika, mpenzi. Wewe tulia."

Jaji hakumaliza hata dakika kumi. Wakili hawezi kumtolea ushahidi mtu asiyetajwa, alisema, na shauri likatupwa. Fundi alikuwa benchi la nyuma na shati jeupe alilonunua kwa ajili ya siku hiyo, bado anasubiri kuitwa.

Alimkuta mwanasheria kwenye ngazi.

"Mtu asiyetajwa ndiye mimi?"

"Nilikuwa nakulinda."

"Nilikuomba? Mimi nilikuwa tayari! Kumbe uliniona mwoga."

Akaondoka, na simu hakupokea tena.

Baada ya miezi miwili mamlaka ikageuza kibao. Kwa kuwa hakuna aliyeikana ile saini mahakamani, basi pampu zilipokelewa. Na kama zilipokelewa na hazipo, mwizi ni aliyesaini. Fundi akaja ofisini na hati ya mashtaka.

"Nisomee, Mheshimiwa. Mimi nimeshindwa kuimaliza."

Mwanasheria aliisoma mpaka mwisho. Akalia, akaomba radhi, wala hakujitetea hata kwa neno moja.

"Basi, basi, nyamaza," fundi akamshika mabega. "Nilinuna kwa sababu nakupenda. Tuoane kabla hawajanifunga. Mama keshaanza kukuita mkwe."

Mwanasheria alitaka sana kusema ndiyo. Lakini kulikuwa na swali la kuuliza kwanza.

"Kabla ya kesi, nani mwingine alikusikia ukisema saini si yako?"

"Wewe tu."

"Basi siwezi kuwa wakili wako. Mimi ndiye shahidi wako. Na nikiwa mke wako..."

"Hawatakuamini."

"Hata nikiwa mchumba tu hawataniamini. Simu tulizokwisha kupigiana zinatosha kutuharibia. Usinipigie tena."

Fundi akakaa kwenye kiti cha wateja. "Kesi kama hii huchukua muda gani?"

"Ya mwisho niliyoisimamia ilichukua miaka tisa. Na tulishindwa."

"Mama hataishi mpaka huko," akasema taratibu. Akaikunja hati, akaitia mfukoni. Alipofika mlangoni akageuka.

"Wakikuuliza mimi ni nani kwako?"

"Nitasema si mtu wangu."

"Ukiwa umeapa?"

Mwanasheria akaitikia kwa kichwa.