Kapsuli Nane Kwenye Bahasha

Mkataji wa karakana ya ushonaji alikuwa amelala chali, amekufa, kati ya meza ya kukatia vitambaa na rundo la sketi za shule. Uso ulikuwa umevimba hata macho yamebaki mistari miwili. Shingoni na mikononi kulikuwa na mabaka mekundu. Ilikuwa saa tano kasorobo asubuhi, na cherehani zote za karakana zilikuwa zimenyamaza.

Inspekta alivaa glavu, akachuchumaa.

"Nani alikuwa naye?"

"Mimi." Aliyejibu alikuwa mfungashaji wa karakana, mwanamke mrefu mwenye tepu ya kupimia shingoni. "Ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Tulikuwa tunakunywa chai, akapaliwa na mkate."

Nesi wa zahanati ya jirani alikuwa bado anahema. "Nilimkuta hapumui vizuri. Nikaambiwa mkate. Nikampiga mgongoni, nikambana tumbo. Hakikutoka kitu."

"Na huu uvimbe?"

"Niliuliza. Nikaambiwa ni jino, shavu lilimvimba tangu juzi."

Inspekta alipekua mfuko wa aproni ya marehemu. Mlikuwa na chaki, pini, na bahasha ndogo ya kaki yenye kapsuli nane. Juu yake paliandikwa kwa kalamu: *Maumivu. Moja, kutwa mara 3.* Hapakuwa na jina la dawa, la mgonjwa, wala la duka.

Kwenye mkoba wake mlikuwa na kadi ya kliniki. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa wino mwekundu na kupigiwa mstari: MZIO – PENISILINI.

Kesho yake daktari wa uchunguzi wa maiti hakuzunguka.

"Kooni hakuna hata chembe ya mkate. Njia ya hewa imevimba ikaziba. Tumboni kuna chai na ganda la kapsuli lililoyeyuka nusu. Mzio mkali, Inspekta. Ulimmaliza chini ya nusu saa."

Mfamasia aliigeuza kapsuli moja mwangani, akasoma maandishi yake.

"Amoksilini. Ni ya jamii ya penisilini."

"Inatuliza maumivu?"

"Hata kidogo. Inaua bakteria. Na hatumpi mtu kabla ya kumwuliza kama ina ugomvi naye. Huyu angesema."

"Kama angejua anameza nini," alisema Inspekta.

Alirudi karakanani. Sketi zilizokamilika zilikuwa zimefungwa kumikumi, kila furushi na kikaratasi cha saizi. Alisimama mbele ya saizi 30. Ile tatu ilikuwa na kichwa bapa, kama saba iliyoota mkia. Akatoa picha ya bahasha, akailinganisha.

"Vikaratasi hivi anaandika nani?"

"Mfungashaji," alijibu fundi wa cherehani ya karibu bila kuinua macho.

Sajini alimwaga gunia la vipande vya nguo sakafuni. Chini kabisa mlikuwa na boksi la dawa lililobonyezwa. Lebo ya duka ilisomeka: kapsuli ishirini na moja, maliza dozi yote. Tarehe ilikuwa ya miezi minne nyuma, na jina la mgonjwa lilikuwa la mfungashaji.

Kituoni, Inspekta aliweka boksi mezani.

"Lako?"

"Langu. Nilikuwa na kifua."

"Ulimeza ngapi?"

"Kumi na mbili. Siku ya nne nikajisikia vizuri, nikaacha."

"Tisa zikabaki. Nane ziko kwenye bahasha. Ya tisa?"

Mwanamke aliivuta tepu shingoni, akaikunja kiganjani.

"Ulijua ana mzio?"

"Alikuwa anasema hivyo."

"Nimeuliza kama ulijua."

"Nilijua anasema!" Sauti ilimpanda, kisha ikashuka. "Huyu kila kitu kinamdhuru. Vumbi linamdhuru, sabuni inamdhuru. Mama yetu akiugua, kaka yuko zahanati na mkewe. Anambeba kama yai. Miaka sita, Inspekta. Nikasema huyu anadeka tu. Jino limemvimba, kazi imelala, dawa ninayo ndani. Nikimwambia ni ile, atakataa. Nikamwambia ni ya maumivu."

"Ukaandika na bahasha."

"Ndiyo."

"Ulitaka afe?"

"La!" Aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Nilitaka apone. Akishapona ningemwambia mbele ya kaka yangu: unaona? Umemeza, na hujafa."

Kalamu ya Sajini ilisimama, kisha ikaendelea.

"Alipoanza kukosa pumzi ulielewa?"

"Alijikuna shingo. Akanitazama, akauliza, 'Wifi, umenipa nini?' Hapo nikaelewa."

"Nesi akafika."

"Akafika."

"Akakuuliza kama amemeza dawa yoyote?"

"Mara mbili."

"Ukasema?"

"Hapana. Nikasema mkate." Machozi yalimtoka bila sauti. "Watu walikuwa wamejaa. Nikafikiri atatapika, itapita, kaka hatajua. Kumbe dakika zinakwenda."

Inspekta alimsomea maelezo yake. Mwanamke alitia saini, kisha akaelezwa kwamba atashtakiwa kwa kuua bila kukusudia na kuficha ushahidi.

Mume wa marehemu alikuwa amekaa kwenye benchi la korido. Mlango haukuwa mzito, alikuwa amesikia.

"Niambie jambo moja tu," alisema. "Dada yangu angesema kweli, nesi angeweza kufanya nini?"

Inspekta angeweza kumpoza. Alikaa pembeni yake.

"Nesi alikuwa na sindano ya mzio kwenye mkoba wake. Aliniambia angemchoma palepale."

Mume alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepiga hesabu iliyogoma. Ndani, dada yake alikuwa anamwita kwa sauti ndogo: "Kaka. Kaka."

Alisimama. Akaufikia mlango, akaweka mkono kwenye kitasa.

Kisha akageuka na kuelekea nje, akamwuliza polisi wa zamu mahali pa kuchukulia mwili.