Mshindi Hajalipwa

Mimi si mtu wa kuamini mambo ya ajabu. Ukiniambia nyumba fulani ina mashetani, nitakuuliza kodi yake ni kiasi gani nihamie. Lakini hili lilimpata dada yangu, tumbo moja mimi na yeye, na nililiona kwa macho yangu haya.

Mume wake ni kinyozi. Mchana mmoja nilikuwa kwao namkunjia dada nguo, shemeji akaingia mbio kutoka saluni, taulo la mteja bado liko begani, anacheka huku analia. Kumbe ameshinda. Alikuwa akicheza poka ya mtandaoni, ile ya karata za kwenye simu, kila mteja akitoka na kabla mwingine hajaketi. Nilikuwa nikimsema kila siku. Siku hiyo nilifyata mkia. Moyo wa dada ulikuwa mbovu, hospitali wameshasema bila upasuaji hamalizi mwaka, na hela aliyoshinda shemeji ilitosha upasuaji mpaka nauli.

Kushinda alishinda. Kulipwa ndiko kukawa shughuli. Kila akiomba kutoa hela, wenye mchezo wanamjibu ombi lako linashughulikiwa. Wiki zikakatika. Dada akawa hawezi kutoka kitandani kwenda mlangoni bila kushika ukuta. Halafu wakaja na jipya: wanataka kuuona uso wa mwenye akaunti. Shemeji akajipiga picha hadi akachoka, zote wanazikataa. Ndipo tukakumbuka kuwa laini ya simu ilisajiliwa kwa kitambulisho cha dada, maana siku ya kuinunua shemeji alikuwa amepoteza chake. Akaunti nayo ikachukua jina la kwenye laini. Mwenye akaunti, basi, ni dada.

Tukamwinua kitandani, tukampanga mito mgongoni. Nikamfunga kitambaa changu kizuri kichwani, nikamtania kwamba leo anakwenda kuposwa upya. Shemeji akashika simu mbele yake. Sauti ya mwanamke, ya upole kabisa, ikatoka: geuka kushoto. Akageuka. Geuka kulia. Akageuka. Tabasamu. Akatabasamu, maskini ya Mungu, huku anahema. Fumba macho.

Akafumba.

"Subiri," ikasema ile sauti.

Tukasubiri. Kiduara kinazunguka kwenye kioo cha simu. Nikainama, nikamnong'oneza dada afumbue, apumzike kidogo, tutarudia baadaye.

"Bado hawajasema nifumbue," akanong'ona.

Kiduara kilizunguka. Kifua chake kikatulia. Nilimshika mkono, nikaona hanishiki. Ile sauti ikasema, kwa upole uleule:

"Asante. Tumempokea."

Tulimzika. Hela haikuja. Uchungu ule siwezi kuuelezea, tuuache tu.

Msiba ulipokwisha, shemeji akarudi saluni, lakini mashine hashiki. Wateja wakaanza kumkimbia. Ameketi kwenye kiti chao, simu mkononi, anacheza. Nilikwenda kwa hasira nikaitoa ile laini, nikaikata kwa mkasi wake mwenyewe. Akaendelea kucheza. Simu haina laini, haina intaneti, karata zinagawiwa.

Nikamchungulia begani. Mezani wapo wawili tu. Yeye, na dada. Picha yake ni ya siku ile, kitambaa changu kichwani, macho yamefumbwa. Karata zake zinatembea.

Nikamwuliza shemeji anafanya nini. Hakuinua uso.

"Namwachia ashinde, shemeji," akasema taratibu. "Akifikisha ya upasuaji, watamruhusu atoke."

Nilikaa chini palepale, juu ya nywele za watu, nikalia kama mtoto. Nilimlilia dada, nikamlilia na huyu aliyebaki. Shemeji hakugeuka. Alitupa karata nzuri, akashindwa kwa makusudi, akaguna kwa kuridhika.

Simu ikatetemeka. Chini ya picha ya dada, pale wachezaji wanapoandikiana, maneno yakaanza kutokea, herufi moja moja, pole pole, kama anavyoandika mtu aliyefumba macho.

"Mdogo wangu. Mnyang'anye mume wangu hiyo simu. Nilishafikisha zamani. Huku nako hawalipi."