Chupa Isiyo na Onyo

Kila alipotoka shuleni, Chapuchapu alibadili sare, akala alichobakishiwa, kisha akavuka barabara kwenda dukani kwa mjomba wake. Jina hilo alipewa na mjomba mwenyewe, kwa sababu msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakuwa na mwendo mwingine. Ukimtuma, hujamaliza kusema ameshafika. Akirudi, mara nyingine amesahau alichotumwa.

Mjomba alikuwa fundi simu. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya kioo, ndani yake zikiwa zimepangwa chaja, betri na kava za rangi zote. Hapo aliinama kutwa na bisibisi ndogo, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Tangu mwaka uliotangulia alikuwa akiuza pia sigara za kielektroniki, vile vifaa vyembamba ambavyo watu huvuta mvuke wake, pamoja na chupa ndogo za maji yake. Maji hayo yalinukia matunda. Chupa zilichorwa embe, nanasi na zabibu, na maandishi yake yalikuwa ya lugha ngeni ambayo hata mjomba hakuijua.

Mwezi ule sheria ilibadilika. Mkaguzi wa afya, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alipita duka kwa duka kuieleza.

"Kuanzia sasa hizi zinahesabiwa pamoja na tumbaku," alimwambia mjomba. "Haziuzwi kwa mtu aliye chini ya miaka kumi na minane. Hazikai karibu na peremende. Na kila chupa lazima ibandikwe stika ya onyo kwa lugha ambayo wateja wako wanaisoma."

"Lakini mama, hapa pana jani gani la tumbaku?" mjomba alibisha. "Hata moshi hazina. Ni mvuke tu, kama wa birika."

"Birika lako lina nikotini? Sumu iliyomo kwenye sigara ndiyo hiyo hiyo iliyomo humu. Mtu mzima humtia uraibu. Mtoto mdogo akinywa maji haya, anaweza kufa."

Mkaguzi akaweka juu ya kaunta furushi la stika nyekundu zilizoandikwa: SUMU. INA NIKOTINI. WEKA MBALI NA WATOTO. Alipokwisha kuondoka, mjomba alinung'unika kidogo, lakini alijua kwamba sheria ni msumeno. Alimwita mpwa wake.

"Mwanangu, kazi hii ni yako. Futa chupa kwanza kwa kitambaa, ikauke, ndipo ubandike. Ukibandika juu ya vumbi, itabanduka. Usiruke hata moja."

Chapuchapu aliketi chini nyuma ya kaunta akaanza. Boksi la kwanza alilifanya vizuri sana, moyo wake mweupe. La pili alilifanya huku shingo ikimuuma. Alipofungua la tatu, la zabibu, alisikia wenzake wakicheza rede uwanjani nyuma ya maduka, wakimwita kwa kelele kwamba timu yao inashindwa. Kwa hiyo alifunga boksi la zabibu kama lilivyokuwa, akalisukuma mahali pake, na stika zilizobaki akazificha nyuma ya rundo la kava kuukuu. Alijiambia kwamba atamalizia kesho.

"Umemaliza?" mjomba aliuliza bila kuinua macho kwenye simu aliyokuwa akiitengeneza.

"Nimemaliza."

Neno hilo lilimtoka kirahisi kabisa. Kesho ikafika na mambo yake, kesho kutwa ikafika na yake, na boksi la zabibu likasahaulika.

Chumba kilichopakana na duka kilikuwa cha fundi cherehani, Mama Kasuku, aliyeshona na kuishi humo na familia yake. Kasuku lilikuwa jina la utani la binti yake wa miaka minne, aliyerudia kila neno alilosikia. Mteja akisema "gauni linabana", Kasuku naye "gauni linabana!" mpaka mteja aone haya. Baba yake alikuwa dereva wa lori, na kwa muda mrefu alikuwa akijaribu kuacha sigara za kawaida.

Ijumaa moja jioni, Mama Kasuku alimwomba mumewe anunue dawa ya kikohozi kwa ajili ya mtoto. Mume alipita kwanza dukani kwa mjomba kununua maji ya sigara yake ya kielektroniki. Mjomba, akiwa na simu ya mtu imefunguliwa mezani, alichopoa chupa ya zabibu bila kuitazama akampa. Dereva alirudi nyumbani usiku, mkewe akiwa amelala, akaiweka mezani, akasahau kabisa habari ya dawa. Alfajiri aliondoka na lori lake, na chupa akaiacha pale pale.

Jumamosi asubuhi Kasuku alikohoa tena. Mama yake aliiona ile chupa ndogo yenye picha ya zabibu. Alijaribu kumpigia mumewe, simu haikupatikana. Basi akadhani ndiyo dawa aliyoiagiza. Akampa mtoto nusu kijiko.

Chapuchapu alikuwa akifagia mbele ya duka aliposikia ukemi. Mama Kasuku alitoka mbio, mtoto mkononi. Kasuku alikuwa akitapika, uso umepauka, jasho linamtiririka, na mate yanamtoka bila kukoma.

"Nimempa dawa tu! Dawa ya kikohozi tu!" mama alilia, akiwa bado ameishika ile chupa.

Chapuchapu aliitazama. Zabibu. Haikuwa na stika. Mdomo wake haukusita.

"Si dawa hiyo! Ni maji ya sigara ya umeme! Ni sumu!"

Mjomba aliliacha duka wazi, akamnyakua mtoto, na wote wakakimbilia zahanati ya mtaa. Muuguzi alipouliza mtoto amekunywa nini, Chapuchapu alimkabidhi chupa na kurudia maneno yale yale. Muuguzi hakupoteza muda. Aliita gari la wagonjwa, na Kasuku akapelekwa hospitali kubwa.

Mungu ni mwema. Maji yale yalikuwa makali, mtoto alikuwa ameyatema mengi na kuyatapika mengine. Jioni madaktari walisema atapona.

"Mtoto huyu mkubwa ndiye aliyemwokoa mwenzake," muuguzi alimwambia mjomba. "Asingetuambia ni kitu gani, tungebaki tunabahatisha."

Mjomba alimpapasa mpwa wake kichwani. Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amesema ukweli, lakini ule unaomhusu yeye alikuwa ameumeza.

Siku iliyofuata, mjomba alipokwenda hospitali kumjulia hali mgonjwa, Chapuchapu alibaki dukani peke yake. Alizitoa stika alikozificha. Akafungua boksi la zabibu, akafuta chupa, akazikausha, akabandika moja baada ya nyingine kwa uangalifu ambao hajawahi kuuonyesha maishani. Alidhani sasa moyo utatulia, wapi! Sasa alikuwa na makosa mawili badala ya moja, na la pili hakuweza kulisingizia mchezo wala uchovu.

Jumatatu, mwalimu mkuu alimwita mbele mstarini. "Mpigieni makofi mwenzenu," alisema. "Akili yake imeokoa maisha ya mtoto." Shule nzima ikapiga makofi. Chapuchapu alitazama viatu vyake. Rafiki yake wa karibu alimnong'oneza, "Mbona umenuna kama umepigwa viboko?" Kila kofi lilimwingia kama la shavuni.

Wakati yeye akisifiwa, Mama Kasuku alikuwa akisagwa na midomo ya watu. Alimwambia kila aliyemjia kwamba chupa ile haikuwa na onyo lolote. Lingekuwepo neno moja tu, angelisoma. Mjomba naye aliapa, tena kwa nia safi, kwamba chupa zake zote zilikuwa na stika, mpwa wake alizibandika mwenyewe. Majirani wakajumlisha hesabu yao. Wengine walisema fundi hajui kusoma, anaona aibu. Wengine walisema ameibandua stika ili apate pa kujitetea. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa.

Jumanne mtoto aliruhusiwa kutoka hospitali. Siku iliyofuata alifika mama mkwe wa fundi, bibi mrefu asiyependa maneno mengi.

"Namchukua mjukuu wangu," alisema, akikunja vigauni vya Kasuku na kuvitia kwenye mfuko. "Atakaa kwangu. Mama asiyejua sumu na dawa hawezi kulea. Mwanangu nimeshaongea naye kwenye simu."

Chapuchapu aliyasikia yote kupitia ukutani. Wakati huo huo mkaguzi wa afya aliingia dukani. Alikuja kuchunguza tukio. Alifungua boksi moja moja, na la zabibu akaligeuzageuza chupa zote. Kila moja ilikuwa na stika nyekundu, imebandikwa sawasawa.

"Hapa sina kosa ninaloliona," mkaguzi alisema mwishowe. "Ngoja niongee na yule mama, halafu nifunge habari hii."

Alitoka akaingia chumba cha pili, mjomba akimfuata. Chapuchapu alibaki amesimama. Angenyamaza kidogo tu, mambo yangekwisha. Hakuna aliyemwona akificha stika, hakuna aliyemwona akizibandika. Yeye angebaki shujaa, mjomba angebaki na duka lake, na Mama Kasuku angebaki bila mtoto. Hapo ndipo alipoona hawezi. Alikwenda, lakini safari hii kwa hatua za polepole, akasimama mlangoni.

Mama Kasuku alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani, macho mekundu. "Sikuibandua, mama," alikuwa akimwambia mkaguzi. "Haikuwepo. Lakini nani ataniamini?"

"Mimi," Chapuchapu alisema.

Wote waligeuka.

"Anasema kweli. Boksi la zabibu sikulibandika. Nilikwenda kucheza. Mjomba aliponiuliza, nikamwambia nimemaliza. Zile stika mlizoziona nimezibandika Jumapili, mtoto akiwa hospitali." Machozi yalimzidi. "Nilijua tangu nilipoiona chupa mkononi mwako, Mama Kasuku. Nilijua, nikanyamaza. Nisamehe."

Mjomba aliivua miwani.

"Mpwa wangu, umeniapisha uongo mbele ya mtaa mzima," alisema kwa sauti ya chini.

"Na wewe, fundi simu," mkaguzi alimgeukia, "onyo hili nilikukabidhi wewe au mtoto? Sheria inamkataza aliye chini ya miaka kumi na minane kuvinunua vitu hivi. Wewe umemketisha katikati yake na kumpa kazi yako. Hukukagua, na siku ya kuuza hukutazama."

Mjomba aliinamisha kichwa. "Kosa ni langu. Nilimwona mwepesi, nikamtwika. Zichukue zote, mama. Nitatengeneza simu, inatosha."

"Nitazichukua, na utaitwa kujieleza," mkaguzi alijibu. "Ukweli huu ungenifikia Jumamosi, ungekuwa mwepesi zaidi."

Mama mkwe alikuwa bado ameushika ule mfuko. Aliutazama, akamtazama mke wa mwanawe, kisha akaanza kutoa vigauni kimoja kimoja na kuvirudisha kitandani. "Nimekukosea, mwanangu," alisema. "Nilikuhukumu kabla ya kukusikiliza. Baba yake nitampigia mimi mwenyewe." Kasuku aliyekuwa chini ya meza ya kukatia vitambaa alirudia, "Nitampigia mimi mwenyewe," na watu wakashindwa kujizuia kutabasamu. Mama yake tu ndiye hakutabasamu. Alikuwa akimtazama Chapuchapu.

"Siku ile ulisema nusu ya ukweli," alisema. "Nusu hiyo ilimponya mwanangu, nami nitakushukuru hadi kufa. Lakini nusu uliyoificha ilikuwa inaniua mimi. Nililala nikijiuliza kama kweli mimi ni mama. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Kesho tutakwenda shuleni pamoja," mjomba aliongeza. "Makofi yale si yetu. Tutawaeleza yote, na tutawaeleza maji hayo ni nini, maana najua kuna wanaoyanusa wakidhani ni peremende."

Chapuchapu aliitikia kwa kichwa. Aliogopa, lakini kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi pumzi ilimshuka mpaka chini.

Mama Kasuku alinyanyuka kwenda kumpikia mama mkwe chai. Alimtoa Kasuku chini ya meza, akataka kumpa Chapuchapu ambebe. Msichana alirudi nyuma.

"Mimi? Hapana, Mama Kasuku. Mimi simwamini hata mimi mwenyewe."

"Mpokee," alisema yule mama. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Kila anayefanya kazi huchoka. Kosa ni kusema umemaliza na hujamaliza, kwa sababu kuna mtu anayelitegemea neno lako. Mkono ukikuuma, niite, nitakuja kumchukua. Usimwachie tu."

Chapuchapu alimpokea mtoto kwa mikono miwili. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Alimshika hivyo mpaka mkono wa kulia ukaanza kuuma, akavumilia kidogo, kisha akaita, "Mama Kasuku, nimechoka."

"Nakuja," sauti ilijibu kutoka jikoni, na mama akaja.