Posa ya Ufagio

"Ishaka, unafanya nini hapa?"

Chiku alisimama mlangoni mwa duka la baba yake, mtaa wa Mayfair, mbali huko kusini mwa Afrika, mkoba ukiwa bado begani. Mpenzi wake wa siri, kijana anayefanya naye kazi kwenye kituo cha kupokea simu za wateja kule mtaa wa Marshalltown, alikuwa amekunja suruali hadi magotini, anapiga deki kati ya magunia ya mchele.

"Nakuposa," alisema Ishaka, akakamua tambara ndani ya ndoo.

Chiku alitupa jicho huku na huku. Bahati nzuri baba yake, Mzee Karimu, alikuwa stoo anapanga madumu ya mafuta.

Ishaka akamweleza kwa sauti ya chini. Hakuwa na muda mrefu tangu arudi kutoka Ufilipino, mji wa Cebu, alikopelekwa na kampuni kujifunza kazi kwa wenzao wa huko. Alirudi na kitambi na hadithi zisizoisha. Chiku alishazisikia zote: sikukuu ya Sinulog ya mwezi wa kwanza, ngoma zikitikisa mji, watu wakicheza hatua mbili mbele, moja nyuma, milango ya nyumba ikiachwa wazi na mpita njia akivutwa mkono aingie ale, na yeye, Mwislamu, akitengewa samaki wake na wali uliopikwa ndani ya vikapu vidogo vya makuti. Hii ya leo ndiyo alikuwa hajaisikia. Zamani kule, kijana akimpenda msichana alikwenda kuwatumikia wazazi wake. Aliteka maji na kupasua kuni mpaka waridhike naye. Mama aliyempangisha Ishaka chumba kule aliolewa hivyo hivyo.

"Kwa hiyo jana nikaja," alisema Ishaka. "Nikamwamkia mzee, nikaupeleka mkono wake kwenye paji la uso wangu, kama wanavyoamkia kule. Nikamwomba nimsaidie kazi. Akanipa ufagio. Mambo sharp."

"Ishaka, baba amekuajiri."

"Lakini hajanifukuza."

"Amemwambia mama amepata kijana wa dukani mwenye adabu. Basi. Hajui kingine."

Chiku angecheka hadi alie, kama si jambo moja. Jumapili ijayo wazee wa mtaa wa Turffontein walikuwa wanakuja kumposa Chiku kwa ajili ya Bakiri, muuza vipuri vya magari. Na Mzee Karimu alikuwa mtu wa neno moja. Akishasema ndiyo mbele ya wageni, hata mkewe hawezi kumrudisha.

Akamwambia Ishaka atafute wazee, awalete kabla ya siku hiyo. Ishaka akasema wazee wake wote wako Tanga. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote. Kijana alimwogopa Mzee Karimu kupita kiasi. Kubeba gunia la mchele kwake kulikuwa rahisi kuliko kutamka sentensi moja.

Basi wiki ile kila akitoka kazini alikuja dukani. Akabeba, akafuta rafu, akapanga. Siku moja akapika adobo, kuku aliyechemka taratibu katika siki, sosi ya soya na vitunguu saumu. Mzee Karimu alilamba vidole vyote, akatangaza kwamba huyu ndiye atakayewapikia wageni.

Chiku akapata ujumbe kwenye simu:

"Mzee kanipa kazi ya kupika Jumapili. Sasa ananipenda."

Akajibu:

"Unawapikia watu wanaokuja kunichukua."

Simu ikaita papo hapo.

"Chiku, kule Cebu..."

"Nisikilize. Kule Cebu kijana akibeba ndoo, nyumba nzima inajua amefuata nini. Hata jirani anajua. Hapa najua mimi peke yangu. Umeiga kubeba, ukaacha kusema."

"Eish," akasema Ishaka.

Chiku akakata simu, akajifungia bafuni akalia. Alimpenda yule mjinga, na hilo ndilo lililomuuma.

Jumapili ikafika. Ishaka alitandika meza nzima majani ya migomba aliyoyapata mtaa wa Fordsburg. Katikati akamwaga wali mrefu kama mto, pembeni kuku, samaki wa kukaanga, kamba na maembe. Mjomba wa Bakiri, aliyeketi kando ya Bakiri mwenyewe, aliuliza sahani ziko wapi. Ishaka akamwambia kwamba kule Ufilipino watu wakiwa na furaha hula hivi, kwa mikono, bega kwa bega, pasipo sahani ya mtu. Wageni wakakunja mikono ya kanzu. Chiku na mama yake, Bi Bushra, walichungulia nyuma ya pazia la jikoni. Hakuna aliyeongea mpaka wali ulipobaki kidogo.

Walipokwisha kunawa, mjomba wa Bakiri akakohoa.

"Mzee Karimu, sisi tumekuja na jambo la heri."

"Karibuni sana. Ila kwanza nimshukuru huyu kijana wangu wa dukani."

"Samahani, mzee," alisema Ishaka. "Mimi si kijana wa dukani."

"Ila nani?"

"Ni mtu anayempenda Chiku. Nilikuja kuomba kumuoa, nikaogopa, nikashika ufagio. Nikinyamaza leo, nitajuta maisha yangu yote."

Mzee Karimu alimtazama kana kwamba gunia la mchele limeongea.

"Wiki nzima unanipigia deki, kumbe una lako moyoni?"

"Ndiyo, mzee."

Bi Bushra akafunua pazia.

"Mume wangu, mwulize mwenyewe."

Chiku akatoka, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, kaka Bakiri sina neno baya naye. Lakini ninayemtaka ni Ishaka. Nilikuwa namsubiri aseme."

Bakiri aliinamisha macho. Mjomba wake akaanza kucheka, tumbo likimruka.

"Mzee mwenzangu, sisi hatujasema kitu. Tulikuja kula."

Ishaka akawafungia chakula kilichobaki, kwani kule mgeni wa sikukuu haondoki mikono mitupu. Mjomba alichukua vifurushi viwili. Mke wamemkosa, akasema, lakini kuku hawamkosi.

Walipoondoka, Mzee Karimu akamgeukia Ishaka.

"Kuanzia leo huna kazi kwangu."

Chiku akamshika mama yake mkono.

"Sitaki watu waone mkwe wangu anapiga deki. Wapigie wazee wako Tanga, niongee nao."

Ishaka akapiga, akamkabidhi simu. Salamu zikaenda, zikarudi, mzee akaingia kwenye mazungumzo ya posa. Mara akanyamaza, akasikiliza, akamkazia Ishaka macho.

"Mjomba wako anauliza Chiku ni nani. Hata kwenu hukusema?"

Bi Bushra alicheka hadi akashika ukuta. Mzee akamrudishia Ishaka simu. Chiku akamsogelea, akasimama mbele yake.

"Mwambie," alisema.

Ishaka akaweka simu sikioni.

"Mjomba, shikamoo. Nimepata mke. Anaitwa Chiku, nampenda, na yuko hapa mbele yangu."

Alisema kwa sauti kubwa mno hivi kwamba Msomali wa duka la jirani akapiga ngumi ukutani, akawapongeza kutoka huko huko.