Joto la Bure

Julai mjini Nyeri ni mwezi wa makoti mawili. Fowsia, mama wa Leyla, aliuza chai na mandazi kwenye steji ya matatu, kituo cha magari ya abiria, na alijiona mwenye bahati. Meza yake ilikuwa nyuma ya magari. Madereva walipopasha injini asubuhi, moshi wenye joto ulimpiga miguuni. Aliuita joto la bure.

Kisha kifua kikaanza kumbana kila alipopanda mlima kwenda nyumbani. Mumewe, Abdimajid, alisema ni baridi. Majirani nao wakasema baridi. Hapa kwetu baridi hulaumiwa hata chai ikimwagika. Basi Fowsia akasogeza meza karibu zaidi na magari.

Siku moja Wakonyo, mhudumu wa afya wa mtaa, alimpima presha. Akapima tena. Ilikuwa juu sana.

"Mama Leyla, si baridi peke yake. Hiyo moshi inakuumiza moyo."

"Moshi si ni ya mapafu? Na mimi sikohoi."

Wakonyo akamweleza polepole. Chembe za moshi ni ndogo mno. Nyingine hupita mapafu zikaingia kwenye damu. Mishipa hubana, presha hupanda, moyo huchoka. Mtu anaweza kupata kiharusi au mshtuko wa moyo bila kukohoa hata siku moja. Akamtaka aende hospitali siku hiyo hiyo, na meza aihamishe mbali na magari.

Fowsia aliogopa, lakini aliogopa njaa pia. "Wateja wako hapa. Nikihama nitakula nini?"

"Na ukianguka, watanunua kwa nani?"

Alikwenda. Daktari alimpa dawa za presha na kumwambia amewahi. Kesho yake meza ikavuka barabara, mbali na magari. Wiki ya kwanza mandazi yalirudi nyumbani, naye akalia.

Wakonyo akawaendea madereva. Kingori, mkubwa wao, alicheka. "Ati nizime gari kwa hii baridi?" Wakonyo akampima. Presha yake ilikuwa juu kuliko ya Fowsia. Kingori hakucheka tena. Wakakubaliana: gari likisubiri abiria, injini izimwe.

Sasa ni Oktoba. Fowsia bado anameza dawa, na presha imeshuka. Mlima anaupanda bila kusimama. Asubuhi Kingori huzima gari, huvuka barabara, na kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Iko na joto poa," alisema jana.

"Hii joto ni ya kununua," Fowsia akamjibu.